Mbwa Aliyeachwa Mlangoni: Uhakiki wa Mbwa katika Fasihi Yetu na katika Insha Moja ya Kigwena

Wanafunzi wetu wengi wamesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na walio wengi wanaijua kwa maswali ya mtihani: taja dhamira, eleza wahusika, jadili majina yao. Lipo swali moja ambalo halijaulizwa darasani kwetu, nasi tumeona vema tuliulize katika ukurasa huu. Mbwa walikwenda wapi?

Msomaji atashangaa, kwa kuwa katika kitabu hicho hamna mbwa. Wamo manyani wawili. Adili, liwali wa Janibu, huwachapa kila usiku, kisha huwaonea huruma na kuwalisha. Mjumbe wa Mfalme Rai anayaona hayo kwa siri, na kuanzia hapo ndipo siri ya nyumba inapofunuka: manyani wale ni ndugu wa Adili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na Huria, jini mwanamke, kwa sababu ya ubaya waliomtendea ndugu yao. Kisa hiki kina mzizi wake katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze. Huko mtawala wa Basra anaamka usiku, anashika mjeledi, anawachapa viumbe wawili waliofungwa minyororo, kisha anawafuta machozi na kuwatilia chakula kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Viumbe hao ni mbwa.

Shaaban Robert hakutafsiri, alitunga upya. Basra ikawa Janibu, Harun Rashid akawa Rai, na mbwa wakawa manyani. Mabadiliko mawili ya kwanza ni ya kawaida kwa mtunzi anayehamisha kisa. La tatu ndilo linalotushughulisha. Yeye hakulieleza, kwa hiyo tunayosema hapa ni maoni yetu tu.

Sababu ya kwanza iko wazi kwa msomaji Mwislamu. Katika Kurani, watu waliovunja amri ya Sabato waligeuzwa manyani. Jambo hilo limetajwa katika Sura ya Pili na tena katika Sura ya Saba. Kwa hiyo binadamu aliyegeuzwa nyani kwa dhambi yake anaeleweka mara moja, bila maelezo. Sababu ya pili ni ya mlo. Waswahili wa pwani, Tanga ikiwamo, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Liwali mwadilifu anayekula na mbwa katika sahani moja angemkera msomaji kabla hajamhurumia. Nyani anachekesha, anatisha kidogo, lakini hamtii mtu janaba la moyo.

Tunadhani kwamba kwa uamuzi huo kitabu kilipata kitu na kupoteza kitu. Kilipata wepesi. Kilichopoteza ni ule mstuko wa kumwona mtu mkubwa akimpenda hadharani kiumbe ambaye dini yake inamwambia asimguse. Katika kisa cha Basra, mapenzi na uchafu vimekaa sahani moja. Huko Janibu vimetenganishwa.

Mtu asije akasema kwamba fasihi ya Kiswahili haina mnyama anayependwa. Anaye, tena mashuhuri. Katika Swahili Tales, mkusanyo alioutoa Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, kipo kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota sarafu, ananunua paa badala ya chakula, na watu wanamcheka. Paa anasema. Paa anamtafutia bwana wake mke, binti wa sultani, na jumba alilomnyang'anya joka. Baadaye paa anaugua, na bwana yule, ambaye sasa ana kila kitu, anaona shida hata kumpikia uji mzuri. Paa anafa, bwana anaamuru atupwe kisimani. Waliobaki wanalia, bwana anaamka siku moja na kujikuta yuko jaani, anachakura. Wazungu wana kisa kinachofanana na hiki, kile cha paka mwenye viatu alichokiandika Perrault mwaka 1697, ila paka wa Perrault anazeeka kwa raha. Wasimulizi wa Unguja waliona mbali zaidi: waliuliza ni nini deni la mtu kwa mnyama aliyemwokota, au tuseme aliyemwokoa.

Lakini ni paa: mzuri wa macho, halali kwa kuliwa, safi. Mbwa katika kisa hicho hayumo. Tukimtaka, tutampata wapi? Tutampata katika methali na katika matusi. Ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini. Mbwa hana miiko. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tutampata katika umbo la ukubwa, jibwa, ambalo ni la kutukana, na katika umbo la udogo, kijibwa, ambalo magazeti huwapa watumishi wa mabeberu. Tutampata akiwa mbwa koko. Hata wale mbwa wa misitu ya Kongo wasiobweka, waliopelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na sasa wanafugwa huko kwa bei kubwa, jina lao la Basenji linatoka kwenye shina lile lile la washenzi. Kirundi nacho hakina upole: kumwita mtu imbwa ni kutafuta ugomvi.

Methali moja ina huruma kidogo, nayo ni hii: mbwa hafi maji akiona ufuko. Hata hiyo si kweli sana. Mwaka 1867 Livingstone, akielekea ziwa letu kutoka kusini, alivuka bwawa pana na watu wake, kila mmoja akihangaika na mzigo wake, na hakuna aliyekumbuka kumbeba mbwa wake, Chitane. Aliogelea mpaka akazama. Msafiri yule, ambaye aliandika juu ya mauti mengi katika shajara yake, alimwandikia mbwa huyu maneno ya majuto ya kweli.

Hayo yote ni utangulizi wa jambo lililotufanya tuchukue kalamu. Katika insha za mwaka jana tulipata moja iliyoandikwa na mwanafunzi anayetoka Kigwena. Kwa wasiopafahamu: Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kwenye barabara inayofuata ziwa kwenda Nyanza-Lac, sehemu iliyokuwa mkoa wa Rumonge tangu 2015 na ambayo, kwa mgawanyo mpya wa 2025, imo katika mkoa wa Burunga. Ni nchi ya mawese na ya uvuvi. Upo msitu mdogo wa hifadhi uliobaki tambarare, na nyani wa msitu huo hawatofautishi mpaka wa hifadhi na shamba la mahindi. Kiswahili huko si lugha ya darasani tu. Kilifika na biashara ya Ujiji katika karne ya 19, na hadi leo mashua ikitoka Kigoma, mazungumzo ya ufukweni hayahitaji mkalimani. Wataulizana tu kama samaki yule ni mukeke, kama wasemavyo Rumonge, au mgebuka, kama wasemavyo Kigoma.

Kisa cha insha ni rahisi. Mbwa alishuka katika mashua ya wafanyabiashara na mashua ikaondoka bila yeye. Alikaa ufukweni siku kadhaa akitazama maji. Watoto wa nyumba moja wakaanza kumtupia vichwa vya ndagala, akawafuata nyumbani. Baba wa nyumba hiyo, mtu wa msikiti, akasema asivuke kizingiti. Nyanya akampa jina: Mgeni. Tunalipenda jina hilo. Ni jina la watu pia, na mwandishi hakuhitaji kututajia methali ya mgeni na jembe. Siku chache baadaye Mgeni yuko shambani anafukuza nyani. (Msomaji wa Adili na Nduguze atatabasamu hapa, ingawa mwanafunzi hakukusudia.)

Baba hamgusi. Hilo limesemwa mara tatu katika insha, na mara zote tatu limesemwa bila lawama. Lakini kila jioni baba ndiye anayeuliza kama Mgeni amekula. Kisha linakuja ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, kama yalivyokuwa yamepanda pia miaka michache kabla yake, na nyumba nyingi za ufukweni Rumonge ziliingiwa na maji, watu wakahama. Familia ya insha inahamia mlimani kwa ndugu. Mbwa hataki kuondoka. Anarudi kwenye nyumba ile, anakaa juu ya tofali za jiko. Siku ya pili baba anarudi peke yake, maji kiunoni, na anapandisha njia akiwa amembeba mbwa begani, wote wawili wameloa. Anamweka chini. Anaomba maji safi, anajiosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo. Kisha anakwenda kusali.

Hapo mwandishi anahamia aya nyingine bila neno la ziada. Wanafunzi watuelewe vizuri: tunapowaambia kila siku kwamba msimulizi asieleze kila kitu, tunamaanisha hivi. Hakuandika kwamba baba alimpenda. Hakuandika kwamba dini ni ngumu, wala kwamba dini ni laini. Kuosha ni mara saba kwa sababu baba anaiheshimu sheria yake. Kubeba ni kwa sababu mbwa ni wa nyumba yake. Hakuna kimoja kilichofuta kingine. Na kwa kweli sheria yenyewe ina nafasi zaidi kuliko methali zetu. Imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wafuasi wa Malik hawamhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Sura ya Pango inamtaja mbwa aliyelala kizingitini pa vijana waliojificha, naye akahesabiwa pamoja nao. Na katika hadithi iliyo maarufu, mtu alisamehewa dhambi kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Huko Baghdad, katika karne ya 10, Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Ni fasihi yetu ya Kiswahili iliyobana mlango kuliko chanzo chake.

Insha ina udhaifu pia. Inaanza na fasili ya neno mnyama, kama shule zilivyowafundisha. Nyanya, mhusika mwenye uhai kuliko wote, anapotea katikati. Mwisho unatuhubiria juu ya upendo kwa mstari mmoja ambao tuliukata.

Lakini ubishi ulizuka kwingine. Insha ilisahihishwa na walimu wawili, kama ilivyo desturi, na mwalimu mwenzetu alikuwa ametia wino mwekundu mahali pane. Mwanafunzi aliandika *mbwa yetu*. Akasahihishwa *mbwa wetu*. Aliandika *tulimlea*, akasahihishwa *tulimfuga*. Aliandika kwamba Mgeni, miezi baada ya mafuriko, *alifariki*, akasahihishwa *alikufa*. Aliandika *maiti*, akasahihishwa *mzoga*. Mwenzetu anasema, na hoja yake si nyepesi, kwamba rejista ni sehemu ya lugha sanifu, kwamba mtahini wa nje hatajua machozi ya Kigwena, na kwamba mwalimu anayeacha maiti ya mbwa leo ataletewa kesho marehemu kuku.

Tulitazame neno moja moja, maana si ya aina moja.

Tuanze na *mbwa yetu*. Kiswahili sanifu kina upatanisho wa ajabu ambao tunaufundisha haraka mno. Majina ya viumbe hai yaliyo katika ngeli ya N huchukua viambishi vya A-WA kwenye kitenzi, lakini kwenye kimilikishi yanagawanyika. Mnyama mmoja huwa *ng'ombe wangu, paka wangu, mbwa wangu*. Jamaa na watu wa karibu huwa *baba yangu, dada yangu, ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu*. Ashton alikwisha kulionyesha hilo katika sarufi yake ya 1944. Kwa hiyo anayesema *mbwa yetu*, kwa sikio la sanifu, amemweka mbwa katika safu ya ndugu na rafiki. Inavutia kusema kwamba mwanafunzi wetu alifanya hivyo kwa makusudi, na tunawafahamu wahakiki ambao wangeandika kurasa kumi juu yake. Hakufanya. Kirundi husema *imbwa yacu*, kwa kufuata ngeli bila kujali uhai, na ndivyo wasemavyo Kiswahili cha mtaani wengi wa Buyenzi, Uvira na Bukavu. Wangesema hivyo hivyo hata kwa mbwa wasiyempenda. Tukilisifu kosa kama sanaa tunamdanganya mwanafunzi. Hapo wino mwekundu ni halali, nasi tuliuacha.

*Tulimlea* ni jambo jingine. Kufuga kuna manufaa ndani yake: hufugwa kuku, hufugwa nyuki, hata ndevu hufugwa. Kulea kuna deni. Kiswahili hakina neno la mbwa aliyeokotwa na kuingizwa katika familia. Sheria ina neno kuasili kwa mtoto. Kwa mbwa tunasema tu kumwokota au kumchukua. Mwandishi alikuwa na nafasi tupu, akaijaza kwa neno la karibu zaidi lililokuwapo, na alikuwa amekwisha kutumia *kufuga* kwa mbuzi wa jirani katika ukurasa wa kwanza. Tofauti anaijua. Lugha yetu imewahi kuhitaji neno hilo hilo kwa upande wa pili. Mwezi Mei 2005, katika eneo la msitu wa Ngong, Nairobi, mbwa mmoja aliyekuwa na watoto wake aliburura mfuko uliokuwa na kichanga kilichotupwa, akakifikisha walipokuwa wanawe. Mtoto alisikika akilia, akapelekwa hospitali akiwa hai. Wauguzi wakamwita mtoto Angel, na mbwa akapewa jina la Mkombozi. Habari ilizunguka dunia, wengine wakaitilia shaka baadhi ya mambo yake. Sisi tunaishika kwa jina tu. Kumbe siku Waswahili walipotaka kumwita mbwa koko kwa alichokitenda, neno lilipatikana, tena kutoka safu za juu za kamusi.

*Alifariki* limetugawa zaidi. Asili yake katika Kiarabu ni kuachana, kutengana. Kwa matumizi ni neno la heshima kwa binadamu, na kulitumia kwa mbwa ni kuvunja rejista. Hilo mwenzetu yuko sahihi kabisa. Ila kuvunja rejista si sawa na kutoijua. Katika sentensi iliyotangulia, mwandishi amesema kwamba nyani waliokula sumu *walikufa*. Ametumia maneno mawili katika mistari miwili, kila moja mahali pake, na kama hilo si uteuzi wa maneno tunaoudai katika kozi ya mtindo, basi hatujui tunadai nini.

Limebaki *maiti*. Baba alichimba shimo chini ya mchikichi, akamfunika Mgeni kwa gunia, naye mwandishi anataja gunia lile kana kwamba ni sanda, bila kulitamka neno sanda. Aliogopa kidogo hapo, au aliona inatosha. Kisha anaandika maiti. Tukiri kwamba neno hilo linaelemea: linaleta msikiti, jeneza na safu za watu, mahali ambapo baba yule, kama tulivyomfahamu katika insha, asingekubali kufika. Lakini mzoga nao ni uongo. Mzoga ni kitu kinachonuka kando ya barabara, hakichimbiwi shimo na mtu aliyejiosha. Tulipendekeza kwamba mwandishi aache majina yote mawili na aseme *akamzika*. Kitenzi kinatosha, na kiambishi *-m-* kimembeba mbwa bila kuhitaji kibali cha mtu.

Mwenzetu amekubali *tulimlea*, amekataa *alifariki*, na kuhusu *akamzika* anauliza kama mbwa huzikwa au hufukiwa. Swali hilo tunawaachia wasomaji wa toleo lijalo, hasa wa Rumonge na Kigoma, watuandikie namna wanavyosema kwao. Alama zilizotolewa ni 15 kwa 20. Muhula ujao Sultani Darai atasomwa sambamba na insha hii, kwa idhini ya mwandishi, na wanafunzi watatakiwa kulinganisha kisima na mchikichi.